Siku tano Pemba: jibu kwa dada yetu wa Mwanza

Dada yetu wa Mwanza ameuliza hivi: yeye na mumewe ni walimu, wana watoto wawili, na Desemba hii wana siku tano za mapumziko. Kila wanayemuuliza anawaelekeza Unguja, lakini wao wanataka Pemba. Wengine wanawatisha kuwa Pemba ni uchawi mtupu na hakuna cha kuona. Wao ni Wakristo, hawajawahi kuvuka bahari. Waende lini na vipi, wavae nini, wale nini, waone nini, na je, wenyeji watawapokea?

Dada yangu, salaam kwako na kwa mwalimu mwenzio. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililobeba mengine yote. Mtapokewa. Mimi nimezaliwa Wete, nimefanya kazi ya bwana shamba kwenye mashamba ya karafuu miaka kumi na moja, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kutembeza wageni. Mgeni aliyekuja na salamu mdomoni sijamwona akirudi na kinyongo. Waliorudi na kinyongo ni wale waliokuja kuitafuta Unguja ndani ya Pemba.

Hao ndio wanaokwambia hakuna cha kuona. Wakishuka Mkoani wanataka mji mkongwe wenye vichochoro na maduka ya vinyago, wanataka ufuo wenye vitanda vya kuotea jua na muziki usiku. Hivyo Pemba havipo, au vipo kidogo mno. Kisiwa chetu kiko kazini. Mtu yuko juu ya mkarafuu, mtu yuko baharini, mwingine yuko bondeni kwenye mpunga, na kina mama wako ndani ya maji mpaka magotini wanafunga mwani. Ukija ukauliza "nani anachuma leo?" au "maji yatakupwa saa ngapi?", siku tano hazitakutosha. Ukija kuuliza kiingilio ni shilingi ngapi, siku ya pili utaanza kuangalia saa.

Kwanza uijue nchi yenyewe. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kilomita 22 pale inapotanuka. Ni nchi ya vilima na mabonde, tofauti na Unguja iliyolala tambarare, na kwa mvua zake Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Kati yake na bara pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndiyo maana kuna ndege na wanyama wachache ambao hapa wapo na kwingine duniani hawapo. Miji ni mitatu: Mkoani kusini penye bandari, Chake Chake katikati, na Wete kaskazini. Kutoka Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, na kutoka Chake hadi Wete ni kiasi hichohicho. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano, na karibu wote ni Waislamu. Nyie mtalala Chake. Kuna nyumba za wageni za bei ya mwalimu, na kutoka hapo kila upande wa kisiwa unafikika kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Sasa karafuu, maana bila karafuu huwezi kuielewa Pemba. Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Said bin Sultan akaikazania hadi visiwa hivi vikawa vinalisha dunia. Mwanzoni Unguja ndiyo iliyoongoza. Kisha mwaka 1872 kikaja kimbunga kikubwa, kikang'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na Pemba ikasalimika. Tangu mwaka ule hadi leo, sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar inatoka kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yaligawiwa wananchi kwa eka tatu tatu, na utasikia watu hadi leo wakisema "shamba la eka". Ukikuta mzee amekaa chini ya mkarafuu wa eka yake, ujue anaukumbuka mti huo tangu alipokuwa kijana.

Karafuu huchumwa ikiwa bado kitumba, kabla ua halijafunguka. Ikichanua, bei imekwenda. Kwa hiyo msimu ukifika hakuna kungoja: mchumaji hupanda mti wenye urefu wa nyumba ya ghorofa tatu au nne, hufunga tawi kwa kamba ili lisimponyoke, huvuta shada baada ya shada na kutia kwenye kikapu kinachoning'inia pembeni yake. Kila msimu watu huanguka na kuumia. Nakwambia hili ili usimtie mtu haya kwa kumtaka apande mti apigwe picha. Kama anachuma, simama chini, msalimie, mtazame. Asiyechuma wakati huo asipandishwe kwa ajili yako.

Kitakachokaa moyoni mwako hasa ni cha jioni. Karafuu zikiletwa nyumbani hukaliwa uani, nyumba nzima na majirani, kuchambua. Mama hushika shada kwa mkono mmoja, hulikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kulizungusha mara moja. Karafuu zinamwagika kwenye jamvi, makonyo yanabaki mkononi. Ni kitendo cha nukta moja, na mwenye mazoea hakiangalii: macho yako kwa anayesimulia. Mgeni akijaribu, karafuu zinapondeka na vidole vinabaki na rangi ya kahawia isiyotoka kwa siku mbili tatu. Jaribuni. Watoto wako watapewa shada lao bila kuomba, na hapo ndipo mtakapoulizwa mmetoka wapi, ziwa lenu lina samaki gani, na kama ni kweli maji yake hayana chumvi. Hakuna jumba la makumbusho litakalokupa saa moja kama hiyo.

Kesho yake karafuu huanikwa, juani siku nne au tano hivi, kwenye majamvi, kwenye sakafu, hata kando ya barabara. Mkipita na gari mtaiona barabara imepambwa kwa mistari ya kijani, ya manjano na ya kahawia, kila jamvi na siku yake. Wingu likitanda watu wote hukimbia, hata wasio na karafuu hukimbia kusaidia, kwani karafuu iliyonyeshewa huvunda na kupoteza rangi. Iliyokauka sawasawa ukiivunja hulia. Nilipokuwa bwana shamba, hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha kwanza kabla ya mizani.

Je, Desemba mtazikuta? Uchumaji huanza mwezi wa saba na katika mwaka mzuri huendelea hadi mwanzo wa mwaka unaofuata. Mkarafuu hata hivyo si mti wa kuahidi: huzaa sana mwaka mmoja, ukapumzika miaka inayofuata. Kabla hujalipa nauli mpigie mwenye nyumba ya wageni umuulize jambo moja tu, karafuu zipo? Kama hazipo, bado njooni. Desemba ina mambo yake.

La kwanza ni bahari. Desemba ni kaskazi, upepo unaotoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi, uliowaleta wafanyabiashara karne na karne. Jua ni kali, mvua za vuli zinaishiaishia, na mashokishoki na maembe yanaanza kujaa sokoni. Wavuvi wanapenda zaidi tangambili, pale upepo mmoja unapokwisha na mwingine haujashika, lakini kaskazi si mbaya kwenu. Kusi ndilo lenye bahari nzito, kati ya mwezi wa tano na wa tisa.

Kuhusu kuvuka, nisikilize kama ndugu yako. Njia ya kawaida ni Dar es Salaam, Unguja, kisha Pemba kwa boti au meli inayoshukia Mkoani, au ndege ndogo inayotua karibu na Chake. Zipo pia safari za kutoka Tanga, lakini ratiba zake hubadilika, uliza kwanza. Kati ya Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja, na ncha ya Pemba pana mkondo unaotikisa chombo hata siku njema. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba na watu kupita kiasi, ilizama huko na kuondoka na mamia ya roho. Hakuna mtaa Pemba ambao haukuzika au haukumngoja mtu asirudi. Tangu hapo nina kanuni nisiyoivunja: chombo nikikiona kimejaa kupita kiasi, siingii hata kama tiketi imelipwa, wala simwingizi mgeni wangu. Wewe una watoto, usione haya kushuka. Safirini asubuhi, kuleni kitu chepesi, na wenye kichefuchefu wakae nyuma penye upepo, wasijifungie ndani.

La pili la Desemba ni mchezo wa ng'ombe. Kuanzia kaskazi ikishika, watu wakishavuna na ardhi ikiwa kavu, baadhi ya vijiji hucheza na fahali. Wengi hapa husema asili yake ni Wareno, waliokuwa na nguvu kwenye pwani hii katika karne ya 16 na ya 17. Lakini tofauti na Hispania, kwetu ng'ombe hauawi na wala hachomwi mkuki. Anafungwa kamba ndefu, zumari linalia, ngoma zinapigwa, kina mama wanaimba wakimsifu fahali kwa jina lake, na vijana wanamchokoza kwa kitambaa na kumkwepa. Fahali akiamua kuingia kwenye watu, kila mtu anatafuta mti wake. Mwenye ng'ombe mkali anaheshimiwa kijiji kizima. Siku ya mchezo haitangazwi mbali, kwa hiyo ulizeni mkifika, hasa kwa watu wa Kengeja na Chwale. Watoto muwaweke kwenye ukuta au juu ya gari, mbali na uwanja.

Sasa lile ulilotishwa nalo. Sitakwepa, kwa kuwa swali lako umeliuliza kwa adabu, na majibu ya kuchekacheka ndiyo yaliyoikuza habari hii.

Pemba ina waganga, na wamekuwa na jina tangu zamani. Watu huvuka bahari kutoka Mombasa, Tanga na mbali zaidi kuja kutibiwa. Kuna wanaotibu kwa miti shamba, kuna wanaotibu kwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya kunywa, na kuna wanaopunga pepo kwa ngoma. Katika nyumba nyingi mambo haya ni sehemu ya kuuguza mtu, pamoja na hospitali na pamoja na dua. Masheikh wetu wenyewe wanahitilafiana kuhusu lipi linafaa na lipi halifai, na hitilafu hiyo ni yao, si ya mgeni.

Ila kutoka hapo hadi kusema Wapemba ni wachawi ni masafa marefu, na maneno hayo yanaumiza. Mtoto wa Kipemba akienda kusoma bara huulizwa kwa kejeli kama amekuja kwa ungo. Vijana wangu wawili wameyapitia hayo shuleni. Na kuna wazee, hasa kina bibi waliobaki peke yao, ambao jina la mchawi limewafanya waepukwe na majirani zao wenyewe. Miaka sita iliyopita nilikuwa na mgeni mmoja pale Chake, tumekaa kijiweni tunakunywa kahawa, akauliza kwa sauti, "Jamani, mchawi mkubwa wa hapa anakaa wapi?" Hakuna aliyemjibu vibaya. Wazee waliweka vikombe chini, mmoja mmoja wakaaga kuwa wanawahi sala, na sala ilikuwa bado nusu saa. Niliona haya mbele ya watu walionilea.

Kwa hiyo, dada yangu, hamtadhurika. Mkipita penye mzimu, pango au mti mkubwa uliofungwa vitambaa vyeupe au vyekundu na kuwekwa chetezo, msiguse, msipige picha, piteni kama mnavyopita makaburini. Usiku mkisikia ngoma mbali, huenda ni harusi, huenda ni maulidi, huenda ni mtu anapungwa. Msiifuate bila mwenyeji. Ni hayo tu.

Kuwa kwenu Wakristo hakutawapa tabu. Mijini mna makanisa machache, na Wakristo wanaofanya kazi serikalini na sokoni wapo. Kitu kinachoangaliwa ni heshima. Wewe vaa gauni au sketi ya kushuka chini ya magoti na nguo yenye mikono, na kanga mbili ziwe daima kwenye mkoba. Kichwa si lazima ukifunike mjini, lakini ukiingia nyumba ya mtu au kijijini jifunge kanga na utaona nyuso zinavyofunguka. Mwalimu avae suruali ndefu. Kwenye fukwe za mbali mnaweza kuoga, wewe ukiwa na fulana na kanga kiunoni. Kwenye ufuo wa kijiji, penye wazee wanaoshona nyavu, msioge kabisa. Pombe haiuzwi mitaani, nguruwe hakuna. Na kama safari itaangukia Ramadhani mwaka mwingine, mchana msile wala msinywe hadharani.

Salamu ndiyo kibali cha kila kitu. Mkubwa wako mpe shikamoo, hata asiyekujua. "Asalaam aleikum" ukiisema wewe si Mwislamu hakuna atakayekulaumu, lakini "hamjambo" na "habari za hapa" zinatosha. Usikimbilie shida yako. Uliza hali, uliza watu wa nyumbani, uliza kazi, ndipo useme ulichojia. Mlangoni piga hodi mara tatu, ukiwa umesimama kando, si kuelekea ndani. Kimya maana yake rudi baadaye. Viatu vinabaki nje. Mkikuta watu wanakula wataita "karibu", na wanamaanisha. Kula hata tonge moja, kisha ushukuru. Mkitaka kukaa kijijini zaidi ya kupita, mwenyeji wenu awapeleke kwa sheha kwanza. Sheha ndiye serikali ya shehia, kama mtaa au kijiji kwenu bara, na akishawajua, kila mtu amewajua.

Chakula ndicho kitakachowafanya mkumbuke hii safari hadi uzeeni. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza, pweza aliyepigwapigwa hadi akalainika, akapikwa kwa nazi nzito na ndimu. Mihogo ya nazi na papa mkavu. Ndizi mkono wa tembo. Shelisheli la kuchemsha na nazi, tunda ambalo mtu wa bara akilionja mara ya kwanza huniuliza ni kiazi gani hiki. Asubuhi chai ya tangawizi na chapati au maandazi, jioni supu ya pweza na mishkaki pembeni ya barabara Chake. Mtu wa Mwanza anajua samaki, na najua mtalinganisha samaki wetu aitwaye changu na sato. Kuleni changu wa kuchoma aliyevuliwa siku hiyo, mkiwa mmekaa chini, kwa mkono, na ndimu ya mti wa uani. Juisi ombeni ya bungo.

Siku moja toeni kwa mwani. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Wanaoubeba ni kina mama. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukupwa mbali sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na ndipo wanaposhuka na vigingi, kamba na vikonyo vya mwani kichwani. Kamba hutandazwa kati ya vigingi viwili, na mwani hufungwa vipande vipande kwa kijiuzi, kila kipande nafasi ya kiganja. Baada ya siku 45 hivi unavunwa. Gunia la mwani mbichi ni zito kuliko unavyodhani, na ukikauka unabaki kidogo tu. Bahari ikizidi joto, mwani huoza kwenye kamba, na wao huanza upya. Kama siku zenu zitaangukia bamvua, mwombeni mwenyeji akupeleke wewe na binti yako, mvae viatu vya plastiki kwa ajili ya urumba, mdudu wa baharini mwenye miba mikali, na uombe kushika kamba. Mwalimu na kijana wake waende na wavuvi upande mwingine. Kamera ibaki mfukoni hadi mmezungumza, kisha uombe.

Misali nayo msiikose. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, hakina kijiji, na matumbawe yake ni katika mazuri ya pwani yote hii. Wazee husimulia kuwa alipita Nabii Khidhri, akataka msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, kwani kimeelekea kibla. Wavuvi wengi hawafanyi ufisadi pale kwa sababu hiyo, kabla hata ya sheria ya hifadhi. Kuhusu kwenda: mwenye neno la mwisho ni nahodha. Mwaka mmoja niling'ang'ania kuvuka na wageni saa nane mchana ilhali nahodha alishasema upepo utageuka. Tulirudi wakati wa magharibi tumelowa, mtoto mmoja analia, na mama yake hakusema nami tena hadi walipoondoka. Alikuwa na haki. Akisema leo hapana, basi leo ni hapana, na mnaondoka kesho saa moja asubuhi.

Kwa watoto kuna popo. Usishtuke. Popo wa Pemba hapatikani kwingine kokote, ana manyoya ya rangi ya kutu, na mbawa zake zikifunguliwa hupita mita moja na nusu. Zamani aliwindwa akaliwa hadi akakaribia kwisha, kisha wanakijiji wenyewe wakaunda vikundi vya kumlinda, na sasa wanahesabika kwa maelfu. Nendeni Kidike, si mbali na Chake, saa kumi na moja jioni, msimame kimya chini ya miti mirefu. Mwanzo mnaona kama matunda meusi yananing'inia. Jua likishuka yanaanza kujinyoosha.

Kaskazini kuna msitu wa Ngezi, kipande cha msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya karafuu, na baada ya msitu barabara inaangukia Vumawimbi, ufuo mweupe mrefu ambao siku nyingi mtakuwa peke yenu. Mbele yake, Kigomasha, kuna mnara wa taa wa 1904. Hiyo ni siku nzima, mbebe maji na chakula.

Magofu nitayapita haraka, ila moja. Pujini, kusini mashariki ya Chake, kuna mabaki ya ngome ya karne ya 15 ya mtawala anayeitwa Mkama Ndume. Simulizi zinasema alikuwa mkatili kwa watu wake na alikuwa na wake wawili wasiotazamana. Akachimba kisima kimoja na kukigawa kwa ukuta: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, wa pili akishuka ngazi, wasikutane. Kisima mtakiona. Wete, upande wa bahari, kuna Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya elfu mbili, nyingi za fedha, za zamani za karne ya 11. Leo pale ni minazi na mikoko. Mwalimu wa historia, kama mmoja wenu ndiye, avuke kwa mtumbwi akapaone tu mahali penyewe.

Na kama mtakuwa na nusu siku iliyobaki, nendeni mkakitazame kisiwa kidogo cha Kojani kutoka ng'ambo. Nyumba zimebanana hadi majini. Wakojani ni wavuvi wa dago: wanaume huondoka na vyombo vyao wakapiga kambi miezi kadhaa kwenye pwani za Tanga, Kenya, Mafia hadi Kilwa, wakafuata samaki. Ukifika wakati wa kuondoka utaona kijiji kizima kimeshuka ufuoni.

Fedha chukueni taslimu za kutosha mkiwa Chake, huko vijijini mashine za benki hakuna. Vitambulisho mbebe. Dawa za mbu na za kichefuchefu mnunue Dar. Zawadi ya kumpelekea mwenyeji wenu isiwe ya gharama: dagaa wenu wa Mwanza, kilo mbili zilizokaushwa vizuri, zitazungumzwa mtaani wiki nzima.

Na za kurudi nazo. Karafuu msizibebe kienyeji kutoka shambani hata mkipewa kwa mapenzi, kwani zao hili lina sheria yake, mnunuzi wake ni shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu hushughulikiwa kwa ukali bandarini. Nunueni zilizofungwa, na mbaki na risiti. Mafuta ya makonyo yanatengenezwa kiwandani Wawi, nje kidogo ya Chake. Halua ni ya Wete. Mkiagiza asubuhi mnaweza kuingia jikoni kwa fundi mkatazama sufuria kubwa ya shaba inavyokorogwa kwa mwiko mrefu, wanga, sukari, samli na iliki, hadi inaanza kuvutika na kung'aa. Chombo chenu kikiwa cha asubuhi, nunueni jioni yake, muiache ipoe wazi kabla ya kuifunga. Ikifungwa ya moto hutoa jasho, na hadi Mwanza itakuwa imeharibika.

Mkiwa Mkoani na simu ina chaji, niandikieni jina la mtaa mliofikia. Nitamwambia mwenyeji awatafutie anayechambua jioni hiyo.